Sponji Chafu ya Mama Mkwe

Jumapili, 9 Machi

Leo ni siku ya kumi na tano tangu niwe mke wa mtu, na mvua imeanza.

Daftari hili nimepewa kazini. Dukani kwetu tunauza vifaa vya shule na kutoa fotokopi, na daftari hili jalada lake limechapwa kichwa chini, hakuna mteja angelichukua. Mimi nimelichukua mbio. Nina furaha nyingi mno, na furaha isipowekwa mahali huvuja.

Mume wangu ni fundi vioo. (Niandike tena: mume wangu!) Humu nitamwita Kioo, maana nikimtazama najiona mzuri. Wenzangu walioolewa kabla yangu waliletewa hereni na manukato. Mimi jana nimeletewa vioo vitano. Kavipanga sebuleni kwetu, penseli sikioni, anapiga mluzi, anapaka gundi ya silikoni kwenye pembe kwa kidole chake kile chenye kovu, na kufikia adhuhuri vioo vitano vilikuwa sanduku moja refu linalong'aa.

"Hili ni tangi la samaki wa Baba," akaniambia.

Baba Mkwe alifariki miaka mitatu iliyopita, sikumjua. Samaki wake wapo bado, kwa Mama Mkwe, na inaonekana ni zamu yetu kuwalea. Nimepewa mume, nyumba na samaki katika mwezi mmoja. Mtu apewe nini tena?

Jumatatu, 10 Machi

Mvua. Tangi linanuka siki, ni gundi inakauka. Tumekula chakula cha jioni tukilitazama, tupu vile vile.

Jumatano, 12 Machi

Tumekwenda kwa Mama Mkwe baada ya kazi. Ni mitaa sita tu kutoka kwetu, lakini mimi naiona kama safari ya kwenda kwenye mtihani. Mama Mkwe ni mkunga mstaafu. Ananawa mikono mpaka kwenye viwiko. Anaongea kwa ufupi, na mimi ananiita "binti" basi.

Tangi lake la kale alilijenga Baba Mkwe mwenyewe, naye alikuwa fundi vioo. Nyuma ya tangi kuna chumba chembamba cha kioo, ndilo chujio: juu kuna sponji moja nene, chini kuna vipande vya matofali vimejazwa tele. Maji yanavutwa yanapita kwenye sponji, yanapita kwenye matofali, yanarudi mbele yakiwa mang'avu. Sponji yenyewe, jamani! Rangi ya tope la mtoni, inateleza, ina kamasi.

Samaki ni watatu. Wawili wadogo wanaitwa Mapacha. Wa tatu ni Bwana Mkubwa, samaki wa dhahabu mnene, rangi ya kiini cha yai, jicho moja limeingia ukungu wa uzee. Baba Mkwe alimnunua akiwa mdogo kama kidole. Mama Mkwe alipokaribia kioo, Bwana Mkubwa akaja mbio na mdomo wazi. Na uso wa Mama Mkwe, kwa muda wa kuhesabu tatu hivi, ukawa uso wa mtu mwingine kabisa.

Tatizo ni pembe ya chini kushoto. Gundi imechoka, maji yanadondoka. Nimehesabu: tone moja, halafu mpaka arobaini, tone lingine. Kioo kaitazama pembe kama daktari anayetazama picha ya kifua.

"Haizibiki kwa nje, Mama. Litafunguka lote siku moja."

"Lini?"

"Likitaka."

Nikauliza kwa nini tusiwahamishe leo leo. Hapo ndipo nilipopata somo. Samaki akikojoa, maji yanaingia sumu inayoitwa amonia. Ndani ya ile kamasi ya sponji na matofali wanaishi vijidudu ambao chakula chao ni sumu hiyo. Tangi jipya halina vijidudu. Linaonekana safi, na samaki wanakufa ndani ya usafi huo. Ukisubiri vijidudu waje wenyewe, ni wiki sita. Pembe ile haina wiki sita. Kwa hiyo unachukua kipande cha chujio la zamani, unakipeleka kwenye jipya, na wale waliomo wanazaliana huko.

"Kama chachu," nikasema. "Unabakiza kinyunya cha jana ili unga wa leo uumuke."

Mama Mkwe akanitazama. Akamgeukia mwanawe: "Huyu alikuwa anasikiliza darasani."

Nimerudi nyumbani sikanyagi ardhi!

Mpango: sponji itangulie, ianzishe tangi letu. Mapacha wafuate kama majaribio. Maji yakitulia wiki moja, ndipo Bwana Mkubwa aje pamoja na matofali. Mama Mkwe hataki kuyatoa yote kwa mkupuo. "Nusu ya vijidudu wako kwenye sponji, nusu kwenye matofali," alisema. "Nusu ikipotea, inabaki nusu. Zote zikipotea, nina samaki wa kukaanga."

Ijumaa, 14 Machi

Kioo amenipima mabega kwa futi yake ya kazini, eti anataka kujua upana wa furaha yake. Nimecheka mpaka jirani amegonga ukuta.

Jumanne, 18 Machi

Mvua. Tumejaza tangi. Halivuji! Tumelizunguka tukicheza kama watoto.

Alhamisi, 20 Machi

Habari mbaya. Kioo amepata kazi ya madirisha ya shule mpya, mji mwingine, siku kumi na moja. Ataondoka Jumamosi. Nimelia kidogo, yeye akaniambia machozi yana chumvi, yasiingie kwenye tangi.

Amenifundisha kupima maji. Unachota maji kwenye kichupa, unatia matone ya dawa, unatikisa, unasubiri. Yakibaki manjano, hakuna amonia. Yakigeuka kijani, ipo.

"Manjano tunalala," akasema. "Kijani hatulali."

"Na wewe usipokuwepo nani analala?"

Hakujibu kwa maneno. Siandiki alivyojibu.

Jumamosi, 22 Machi

Lazima niandike.

Kioo kaondoka leo saa sita mchana. Jumamosi mimi natoka kazini saa nane, kwa hiyo tuliagana asubuhi mlangoni, mara nne. Mpango ulikuwa hivi: apitie kwa mama yake, achukue sponji ndani ya ndoo ya maji ya tangi lao, ailete nyumbani, nami nikirudi niitie kwenye chujio letu. Na kwa kuwa Mama yangu alikuwa anakuja kunitembelea, ndiye aliyekuwa nyumbani kuipokea.

Mama yangu ni dobi. Ana chumba cha kufulia karibu na hospitali, miaka ishirini na mbili sasa, mashuka ya wodi nzima yamepita mikononi mwake. Kitu kikimfikia kimechafuka, hakiondoki hivyo. Hilo nalijua tangu nizaliwe. Sikulifikiria. Mapenzi yameniharibu akili.

Nimerudi, mvua imepumzika, jua limetoka kidogo. Nikapita uani. Kwenye kamba, imebanwa vibanio viwili, sponji. Nyeupe! Nyeupe kama meno ya mtoto! Sikujua hata kama chini ya lile tope ilikuwa nyeupe.

"Mama, hii ni nini?"

"Sponji."

"Inafanya nini kwenye kamba?"

"Inakauka. Ulitaka ikaukie wapi, kitandani kwako?"

Nikakaa chini kwenye ngazi. Mama akadhani ni uchovu wa kazi, akaniletea maji, akaanza kunisimulia kwa kiburi chote.

"Nimekuta ndoo imefunikwa. Nafunua, mwanangu, nilirudi hatua mbili! Tope, kamasi, harufu ya kisima. Mumeo anapakia vioo garini, namuuliza, 'Baba, hii imetoka wapi?' Anasema, 'Kwa Mama, ni ya mke wangu.' Akapanda gari, akaenda zake."

"Ndiyo, Mama, ni..."

"Ya mkewe! Mwezi haujafunga vizuri, mwanangu analetewa sponji chafu kutoka kwa mkwe! Mtu akikuletea ufagio amekuambia nini? Akikuletea sponji yenye tope la miaka amekuambia nini? Kwamba wewe hujui kusugua! Kwamba umetoka nyumba chafu, nyumba yangu mimi!"

"Mama, hakuna fumbo hapo."

"Fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huling'amua. Umesahau siku ya harusi? Nilimkaribisha kinywaji, glasi nimeiosha mwenyewe, nimeifuta. Akaichukua akaenda kuisuuza! Mbele ya watu!"

Hilo ni kweli. Niliona.

"Basi nimemjibu," Mama akasema. "Maji ya moto, sabuni ya unga, dawa ya madoa, nimesuuza mara tatu. Ningejua inakubali wanga ningeitia wanga. Kesho nairudisha kwake nimeifunga kwa kitambaa cheupe, simwambii neno."

Nikasema, "Hapana, Mama, iache. Naitaka mimi."

"Unaona ilivyopendeza?"

Akaigeuza kwenye kamba ili upande wa pili nao upate jua. Mikono yake ina nyufa za sabuni, za miaka yote aliyonisomesha kwa kazi hiyo. Nikasema nini? Nikasema, "Asante, Mama. Imetakata."

Jumapili, 23 Machi

Mvua. Nimeitia sponji kwenye chujio letu ikiwa nyeupe. Labda mmoja amebaki. Labda yuko hata kijidudu mmoja mbishi, kama mimi.

Kioo kapiga simu. "Sponji imefika salama?" Nikasema imefika. Nampenda kuliko pumzi na nimemdanganya siku ya pili tu.

Jumatatu, 24 Machi

Mama Mkwe amekuja mwenyewe jioni, mwavuli mkono huu, chupa kubwa yenye Mapacha mkono huu. Kaegemea tangi.

"Binti, sponji imekaa?"

"Imekaa, Mama."

Ni kweli imekaa. Haifanyi kazi nyingine yoyote, lakini imekaa.

Nilitaka kusema, nikajizuia. Nikimwambia Mama Mkwe kwamba mama yangu aliiosha, atauliza kwa nini. Nikimwambia kwa nini, mama zetu hawatakaa meza moja mpaka nizeeke. Mapacha wakaachiwa, wakazunguka tangi lote kwa furaha, kama wageni wanaokagua nyumba.

"Pale kwangu sasa ni ishirini na tano," Mama Mkwe akasema akitoka. Alimaanisha hesabu kati ya tone na tone.

Jumanne, 25 Machi

Manjano! Manjano kabisa! Nimebusu kichupa.

Jumatano, 26 Machi

Manjano, nikikaza macho.

Alhamisi, 27 Machi

Kijani cha ndimu. Mvua haikukatika. Nimebadilisha maji ndoo mbili. Maji ya bomba yana dawa, lazima yalale usiku mzima kwenye ndoo kabla ya kutumika, kwa hiyo sebule yetu sasa ni ndoo kila mahali, na mimi naruka kama chura. Mama Mkwe kanipigia: kumi na mbili.

Ijumaa, 28 Machi

Kijani. Mapacha wako juu ya maji wanafungua mdomo, wanafunga, wanafungua. Ndoo mbili asubuhi, ndoo mbili jioni, nikimaliza napata kijani kidogo, asubuhi napata kijani kikubwa. Leo kazini nimetoa nakala mia mbili za karatasi tupu bila kuona.

Nimempigia Kioo nikamwambia yote, nikilia. Halafu nikasikia kitu kinakoroma kwenye simu. Anacheka!

"Ametumia dawa ya madoa?"

"Usicheke!"

"Sicheki. Mpenzi, sicheki. Niliandika karatasi, 'Usiioshe,' nikaiweka chini ya kifuniko."

"Ilikuwa imelowa, Mama kaitupa bila kuisoma."

Akaacha kucheka. "Mwambie Mama."

"Na mama yangu?"

"Mama yako ana miguu yake na mdomo wake. Samaki hana. Nimwambie mimi?"

Nikasema hapana. Sponji ilikuwa mikononi mwetu sisi wanawake, na neno litatoka kwetu. Lakini jinsi alivyosema "Nimwambie mimi?" kwa sauti ile ya chini! Nimemuoa mtu. Najua mwanamke haoi, anaolewa. Leo nimemuoa.

Jumamosi, 29 Machi

Asubuhi Mama Mkwe kapiga simu. "Tano. Na sasa si tone, ni uzi. Nimeweka taulo. Kesho namleta Bwana Mkubwa."

Hapo hapakuwa na kona ya kujificha tena. Akija akayakuta maji yale, Bwana Mkubwa atakufa mbele yetu, tangi la Baba likifunguka huku nyuma. Nimetoka kazini saa nane, nimekwenda moja kwa moja, bila mwavuli, kwa haraka.

Nilimkuta kapiga magoti, anakamua taulo. Nikapiga magoti karibu yake, nikasema kabla sijapata pumzi: "Mama, sponji iliyokuja kwetu ilioshwa. Imekufa. Nimekuficha wiki nzima."

Hakugeuka. Akauliza, kama nadhani alivyokuwa akiwauliza wazazi wodini:

"Nani ameosha?"

"Mama yangu."

"Kwa sabuni?"

"Ya unga."

"Maji ya moto?"

"Ya moto."

"Dawa ya madoa?"

"Na dawa ya madoa."

"Mama yako ni mtu wa kazi." Akakamua taulo. "Mapacha wanapumua?"

"Juu juu."

"Unabadilisha maji?"

"Ndoo mbili asubuhi, mbili jioni."

"Nani anakusaidia?"

"Peke yangu."

Akaitazama mikono yangu. Kisha akauliza lile nililoliogopa: "Kwa nini aliiosha?"

Nikasema ukweli. "Alidhani ni fumbo. Kwamba unaniambia mimi mchafu."

Uzi wa maji ulikuwa unateremka kwenye kioo, tunausikia. Mama Mkwe akainuka taratibu, mkono kiunoni.

"Binti, nikitaka kukuambia wewe mchafu, nitakuambia, 'Wewe mchafu.' Mdomo ninao. Nihangaike na ndoo ya nini?"

"Na glasi ya harusini," nikasema. Sijui nani alinituma.

"Glasi gani?"

"Uliyoisuuza. Ya Mama."

Akafikiri. Akafungua kabati, akatoa glasi yake mwenyewe, safi, akaenda kuisuuza bombani, akaijaza maji, akanipa. Ndipo akagundua alichofanya mkono wake. Tukaangaliana.

"Miaka thelathini na moja leba," akasema. "Nasuuza hata nisichotaka kusuuza." Kisha: "Imebaki ile nusu ya kwenye matofali tu. Yakiharibika haya, hakuna pengine. Kesho asubuhi mlete mama yako."

"Aje kufanya nini, Mama?"

"Mlete."

Kutoka pale nimekwenda kwa Mama yangu. Alikuwa anapiga pasi. Nilimweleza kuhusu amonia, vijidudu, chachu, Mapacha. Pasi ikabaki hewani.

"Kwa hiyo nimeua."

"Umeosha, Mama."

"Kwa hiyo nimeosha nikaua." Akaweka pasi chini. "Siendi. Uso nitaupeleka wapi?"

Sikulala vizuri. Kijani.

Jumapili, 30 Machi

SIKU GANI HII! Nitaandika mpaka wino uishe.

Saa moja asubuhi hodi mlangoni. Mama, kavaa gauni lake la harusi yangu, limenyooka kama ubao, mkoba kifuani. "Twende kabla sijabadili mawazo."

Tulifika kwa Mama Mkwe. Taulo zilikuwa tatu sasa, na maji ya tangi yameshuka shibiri nzima. Bwana Mkubwa kainamisha mgongo. Mama akasimama katikati ya sebule akasema hotuba aliyoitunga njiani, niliona midomo yake inacheza tangu mtaa wa pili.

"Mzazi mwenzangu, nimekuja na uso wangu. Ufanye utakavyo."

"Uso nautaka wa nini?" Mama Mkwe akasema. "Nataka mikono. Shika ndoo hii."

Akaanza kutoa matofali kutoka chujioni, kipande kimoja kimoja, yanadondosha kamasi, anayaweka ndani ya ndoo yenye maji ya tangi. Kimoja kikadondoka sakafuni. Mkono wa Mama ukaenda wenyewe, ukakiokota, na kidole gumba kikaanza kukisugua.

"Mwenzangu!"

Mama akakiachia ndooni kama kimemuunguza. "Mkono huu! Mkono huu, jamani, nitaufunga kamba!"

"Sikiliza," Mama Mkwe akasema, bado anatoa matofali. "Mtoto akitoka tumboni, amepakwa utando mweupe, kama mafuta. Unaujua?"

"Nimezaa, naujua."

"Zamani tulikuwa tunauosha palepale, tunamsugua mtoto mpaka ang'ae, tunamkabidhi mama yake. Nimefanya hivyo miaka mingi. Najisifu: watoto wangu wanatakata! Halafu tukafundishwa upya: acheni. Msimwogeshe siku ya kwanza. Ule utando unamkinga, unampa joto. Tulikuwa tunawavua watoto nguo yao tukidhani ni uchafu." Akaweka kipande cha mwisho. "Wewe umeosha sponji moja. Mimi sijui nimeosha wangapi."

Mama akakunja mikono ya gauni lake la harusi mpaka kwenye viwiko.

Msafara ukaondoka. Vijidudu wakikaa ndooni bila maji kutembea wanakosa hewa, kwa hiyo haraka! Mama Mkwe mbele na beseni lenye kifuniko, Bwana Mkubwa ndani. Mama katikati na ndoo ya matofali, kaikumbatia. Mimi nyuma na mwavuli. Mvua ikashuka yote.

"Nifunike!" nikadhani Mama ananiambia. Kumbe alisema, "Ifunike!" Maji ya mvua yasiingie ndooni. Basi mtaa wa tatu, wa nne, wa tano, mwavuli uko juu ya ndoo, na Mama yangu dobi, gauni la pasi limemgandia, maji ya kamasi yanamchuruzika kifuani, anatembea kama amebeba mtoto wa mfalme. Jirani yetu kachungulia.

"Mama, umebeba nini hicho?"

"Uchafu!" Mama akajibu kwa sauti kuu. "Usiuguse!"

Nilikuwa nimejaza tangi kwa maji yaliyolala ndooni. Sponji nyeupe tukaitoa. Mama mwenyewe akapanga matofali kwenye chujio, moja moja, hakuna alilosugua. Pampu ikawashwa. Maji yakawa ya chai kwa robo saa, kisha yakaanza kung'aa. Tukamwachia Bwana Mkubwa.

Akazama chini kwenye pembe. Akakaa. Hatembei.

Tukakaa nasi, wanawake watatu sakafuni, tumelowa. Mama Mkwe kaweka kiganja kwenye kioo alichokijenga mwanawe. Nilimwona sikio lake, lilivyo kama la Kioo, dogo, limekunjika juu. Sijui kwa nini sikuliona kabla.

Baada ya muda mrefu sana, Bwana Mkubwa akageuka. Akakiona kiganja. Akaja mbio, mdomo wazi.

"Mlafi," Mama Mkwe akasema. "Kama aliyekununua."

Mama yangu akamshika bega kwa mkono wake uliojaa tope. Na Mama Mkwe, anayesuuza kila kitu, hakujifuta.

Jumatatu, 31 Machi

Kijani cha ndimu. Mapacha wameshuka chini, wanakula!

Jumanne, 1 Aprili

MANJANO. Mama kapiga simu mara tatu kuuliza rangi.

Jumatano, 2 Aprili

Karudi! Kasimama mlangoni na vumbi la vioo kwenye nyusi, kaangalia tangi, kaangalia samaki watatu, kaniangalia mimi, hakujua aanze kumkumbatia nani. Akaanza na mimi.

Manjano. Hatujapima, lakini najua.

Jumapili, 6 Aprili

Tumekwenda kulibomoa tangi la kale. Pembe ilifunguka yenyewe Kioo alipoligusa tu. Ndani ya kioo cha nyuma, mahali palipofichwa na matofali, tumekuta alama ya penseli ya fundi, sentimita na mstari, mkono wa Baba. Kioo kakikata kipande hicho, kasugua kingo zisikate mtu, kampa mama yake. Nilimshika Kioo kidole chenye kovu.

Jumatano, 23 Aprili

Mvua inapungua. Sponji nyeupe tumeirudisha chujioni juu ya matofali. Imeanza kuwa na rangi ya chai. Sikujua mtu anaweza kufurahia doa.

Jumapili, 11 Mei

Jua kutwa nzima, mvua zimekwisha. Mama zetu wote wawili walikuja kula kwetu. Mama alikaribisha kinywaji. Mama Mkwe akaipokea glasi, akainuka nusu, akakumbuka, akakaa, akanywa. Mama akamtazama anavyomeza mpaka mwisho, kama anahesabu.

Sponji ni ya udongo sasa, inateleza. Mama alipelekwa kuiona, mikono nyuma mgongoni kwa usalama. "Imechafuka vizuri," akasema.

Mama Mkwe alipokuwa anaaga, ameshaniita "mwanangu" mara mbili (nimehesabu), akatoa kifurushi mkobani, kimefungwa kwa kitambaa cheupe, akampa Mama yangu. Mama akakifungua pale pale mlangoni. Mche wa sabuni, mpya.

Kioo akaacha kutafuna. Mimi nikaacha kupumua. Mama akaigeuza sabuni upande huu, akaigeuza upande huu, akainua macho.

"Mzazi mwenzangu, hili ni fumbo?"

"Hapana, mwenzangu," Mama Mkwe akasema akifungua mwavuli wake kwa mazoea, jua kali hivyo. "Ni sabuni tu."